Farasi Akitua g5: Uzoefu wa Mezani na Ulinzi wa Farasi Wawili

Zihesabu hatua 12 za mwanzo za Nyeupe katika mkondo mkuu wa Ulinzi wa Farasi Wawili, mmoja wa funguzi za mchezo wa chesi. Farasi mmoja amehama mara 5, askofu mmoja mara 3, askari wamesogea mara 4. Basi, 12 zimekwisha. Ngome zote mbili zimelala, malkia hajainuka, farasi wa b1 na askofu wa c1 hawajui kama mchezo umeanza, na mfalme yuko palepale e1. Nyeusi, kwa hatua zilezile 12, ametoa farasi wawili, askofu na malkia, na zamu moja tu inamtosha kumweka mfalme wake mahali salama. Lakini Nyeusi ana askari 5, Nyeupe ana 6. Saa 3 au 4 zinazofuata mezani ni ubishi wa jambo hilo moja: askari yule wa ziada ana uzito gani mbele ya hatua zilizotumika kumpata?

Wengi wanaopoteza mchezo huu mashindanoni, kwa rangi yoyote, wanazijua hatua kwa kichwa hadi ya 9 au 10. Wanakwama ya 11, mpinzani anapoweka kete mahali ambapo daftari halikusema. Kwa hiyo hapa kila hatua itaelezwa kwa swali inalolijibu, maana swali likishaeleweka, hatua hata ikisahaulika hutafutwa na kupatikana ubaoni.

Herufi ni zile za kimataifa: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Mraba hutajwa kwa herufi ya safu, a hadi h, na namba ya mstari, 1 hadi 8, ukihesabu kutoka upande wa Nyeupe; nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Nyeusi. Alama ya x ni kula, + ni cheki, yaani mfalme anashambuliwa, O-O ni kaslingi fupi, yaani mfalme na ngome ya upande wa h kuhama kwa zamu moja ili mfalme ajifiche. Anayezoea kusoma bila ubao na asome, lakini ni bora kuwa na ubao mbele.

Mchezo unafunguka hivi: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6. Hatua ya tatu ya Nyeusi ndiyo inayoupa ufunguzi jina. Badala ya kutulia na 3...Bc5, Nyeusi anamshambulia askari wa e4 na kumwambia Nyeupe aamue. Siku hizi wengi hujibu 4.d3, wakamlinda askari na kuujenga mchezo polepole. Usiende kwenye mashindano na jibu la 4.Ng5 peke yake, maana raundi nyingi hutaliona. Ila 4.Ng5 ndiyo inayotaka maandalizi kamili, kwa sababu ukikosea humo unakufa kabla ya hatua ya 15.

4.Ng5 inaelekeza kete mbili kwenye f7: farasi wa g5 na askofu wa c4. Mraba wa f7 unalindwa na mfalme peke yake. Siegfried Tarrasch, mwalimu mkubwa wa chesi wa Ujerumani, aliidharau hatua hii akaiona ni ya mtu asiyeujua mchezo, kwa kuwa inahamisha kete ileile mara ya pili wakati nyingine hazijatoka. Kanuni yake ni njema. Lakini shambulio la f7 ni la kweli, na kanuni haimlindi mfalme.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni 4...h6, kumfukuza farasi. 5.Nxf7, na farasi huyo anamshika malkia wa d8 na ngome ya h8 kwa mkupuo mmoja. Mfalme hawezi kumla kwa sababu askofu wa c4 anamlinda. Kosa la pili, la watu wajanja kidogo, ni 4...Nxe4. Wanategemea 5.Nxe4 d5, ambapo askari mmoja anawashambulia farasi na askofu kwa pamoja na kete inarudi. Wanachosahau ni 5.Bxf7+ Ke7, na mfalme wa Nyeusi anabaki katikati ya uwanja. Ipo pia 4...Bc5, inayomwacha f7 makusudi na kuwinda f2. Inawatia watu hofu kwenye michezo ya dakika 5, lakini kwenye mchezo mrefu Nyeupe akitulia na 5.Bxf7+ Ke7 6.Bb3, ana askari mmoja zaidi na mfalme wa Nyeusi hawezi tena kaslingi.

Kwa hiyo 4...d5, kuukata mshazari wa askofu. 5.exd5, na hapa ndipo njia panda.

Jicho linataka 5...Nxd5, kumla askari na kurudisha hesabu. Huko ndiko kuliko na lile shambulio ambalo Waitaliano wameliita Ini: 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+. Tazama kwa karibu. Malkia wa f3 anampiga mfalme cheki kwenye safu ya f, na papo hapo anamshambulia farasi wa d5, ambaye tayari anashambuliwa na askofu. Mfalme akirudi g8, mchezo unaisha: 8.Bxd5+ Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6 ni chekmeti. Akirudi e8, 8.Bxd5 inatishia Qf7 chekmeti, na farasi keshaliwa. Imebaki 7...Ke6, mfalme atembee mbele kumlinda farasi wake, halafu 8.Nc3 inaleta mshambuliaji wa tatu wa d5. Nyeusi anajibu 8...Ncb4, sasa walinzi ni 3 pia, na farasi wa b4 anatishia kula c2 kwa cheki. Kwa injini, yaani programu ya kompyuta ya chesi, nyumbani Nyeusi anaweza kuhangaika akapumua. Mezani, saa ikienda, mfalme akiwa e6, sijaona faida ya kulichagua jambo hilo kwa hiari. Zaidi ya hayo Nyeupe ana 6.d4, inayofahamika kwa jina la Giambattista Lolli wa karne ya 18. Inafungua katikati kwanza na kuacha tishio la Nxf7 likiwa kali kuliko mwanzo. Anayejiandaa dhidi ya 6.Nxf7 peke yake amejiandaa nusu.

Jibu la watu wazima ni 5...Na5. Farasi anakwenda pembeni, mahali ambapo kila mwalimu anakataza, kwa kazi moja: kumshika askofu wa c4. Askari wa d5 anaachwa. Tangu hapa Nyeusi amekubali kucheza na askari pungufu, na lazima alikubali moyoni, si kwa mkono tu. Mchezaji anayecheza 5...Na5 halafu hatua 6 zinazofuata anatafuta namna ya kumrudisha askari huyo upesi, anaharibu vyote viwili.

Nyeupe akimlinda askofu kwa 6.d3, jibu ni 6...h6 7.Nf3 e4. Askari wa e4 anamshambulia farasi wa f3, farasi wa a5 anamshambulia askofu wa c4. Nyeupe anatakiwa kucheza 8.Qe2 na kuendelea 8...Nxc4 9.dxc4 Bc5, akiwa na askari wa ziada lakini Nyeusi ana maaskofu wawili na njia wazi. Akila 8.dxe4, basi 8...Nxc4 na amempoteza askofu kwa askari wawili. David Bronstein alifanya hivyo kwa makusudi dhidi ya Rojahn kwenye Olimpiki ya chesi ya Moscow mwaka 1956, akacheza 9.Qd4, akawasukuma askari wake wa katikati kama ukuta na akashinda. Ni mchezo wa kuusoma na kuupenda. Kuuiga kwenye raundi ya mwisho bila maandalizi ni jambo jingine.

Mkondo mkuu ni 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6. Angalia hatua ya saba ya Nyeusi. Kuna wanaokula 7...Nxc6 wakifurahi kwamba farasi wa pembeni amerudi nyumbani. Wameharibu. Kula kwa askari wa b kunamshambulia askofu wa b5, na Nyeupe analazimika kuhamisha kete hiyo mara ya tatu. Kula kwa farasi hakumshambulii mtu, Nyeupe anafanya kaslingi, na Nyeusi amebaki na askari pungufu bila fidia yoyote. Hatua moja inabeba ufunguzi mzima.

Askofu aende wapi? Kwa miaka mingi 8.Be2 ndiyo iliyokuwa ya kawaida. Siku hizi utakutana sana na 8.Bd3, inayoonekana mbaya kwa sababu inamziba askari wa d2, lakini sababu yake ni e4: Nyeusi akicheza 8...h6, farasi anarudi 9.Ne4 na askofu anamlinda, tofauti na 8.Be2 ambako farasi anafukuzwa ubao mzima. Ndiyo maana dhidi ya 8.Bd3 ninapendekeza 8...Nd5. Farasi akiondoka f6, malkia wa d8 anamwona farasi wa g5, na vilevile farasi wa d5 anaiangalia f4. Nyeupe akirudi 9.Nf3, Nyeusi anacheza 9...Bd6 na mchezo uko hai. Ipo na 8.Qf3, inayomkaba askari wa c6. Majibu yake ni 8...cxb5, kumtoa ngome wa a8, au 8...Rb8, kumwacha askari mwingine aende ili safu ya b ifunguke. Zote mbili zinachezeka, lakini chagua moja nyumbani. Kuchagua mezani kunakula dakika 20.

Sasa 8.Be2 h6 9.Nf3 e4 10.Ne5. Kwa nini 9...e4 na si 9...Bd6 ya kumlinda askari? Kwa sababu Nyeusi hana askari, ana hatua; na hatua zake zinaendelea kuwa na thamani pale tu zinapomfukuza mtu. 9...Bd6 inampa Nyeupe nafasi ya d3 na kaslingi, na baada ya hapo fidia inayeyuka kama barafu juani.

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu 9.Nh3, farasi anayekwenda ukingoni badala ya f3. Wilhelm Steinitz aliicheza kwenye mechi ya telegrafu dhidi ya Mikhail Chigorin mwaka 1890 hadi 1891, na Chigorin akashinda. Mwaka 1963 Bobby Fischer akaifufua dhidi ya Arthur Bisguier: 9.Nh3 Bc5 10.O-O O-O 11.d3 Bxh3 12.gxh3 Qd7 13.Bf3 Qxh3. Fischer aliacha askari arudi na ukuta wa mfalme wake uvunjike, akabaki na maaskofu wawili, akashinda. Somo kwa Nyeusi ni dogo na la faida: farasi wa h3 hatakimbia. Kumla mapema kunampa Nyeupe maaskofu wawili, kwa hiyo fanya hivyo pale tu ambapo unajua utapata nini kingine zaidi ya askari wa h3.

Turudi. Baada ya 10.Ne5 Nyeusi anacheza 10...Bd6, anamshambulia farasi. 11.d4 inamlinda, na Nyeusi anakula kwa kupita, yaani anamla askari aliyeruka miraba 2 na kutua kando ya wake kana kwamba amesogea mmoja tu: 11...exd3. Kanuni hii ya kula kwa kupita inaleta taharuki kwenye meza za chini. Ruhusa ni ya zamu hiyo tu, ukiiacha imepita. Na askari anayeondolewa ubaoni ni yule aliyesimama d4, wakati wako anatua d3. Mara nyingi mchezaji anasogeza askari wake hadi d3, anabonyeza saa, na wa d4 bado yuko ubaoni. Hiyo si hatua halali iliyokamilika, mwamuzi anaitwa, na adhabu ya hatua isiyo halali kwenye mchezo mrefu ni dakika 2 kuongezwa kwa mpinzani. Ya pili ni kupoteza mchezo. Mwondoe askari wa d4 kwa mkono uleule, kisha bonyeza saa kwa mkono huohuo.

12.Nxd3 ni lazima. Farasi wa e5 alilindwa na askari wa d4, na askari huyo hayupo tena. Akila kwa 12.cxd3, 12...Bxe5 na farasi ameondoka bure. Nimeona kosa hili likifanywa na watu wazuri kabisa, kwa sababu mkono umezoea kurudisha kula kwa askari.

12...Qc7, na tumefika ile hesabu ya mwanzo. Malkia na askofu wamepangana kwenye mshazari mmoja unaoishia h2. Nyeupe akifanya 13.O-O bila kufikiri, 13...Bxh2+ 14.Kh1 Bd6, askari amerudi na mfalme hana tena ukuta wa h2, huku ngome ya Nyeusi bado iko h8. Kwa h2 Nyeupe ana majibu kadhaa na kila moja lina gharama yake. 13.g3 inafunga mshazari lakini 13...Bh3 inaushika mraba wa f1 na kaslingi fupi haiwezekani. 13.b3 ina hoja nzuri sana: inamnyima farasi wa a5 mraba wa c4, inazuia askari wa c asifike c4 kumfukuza farasi wa d3, na inamfungulia askofu njia ya b2. Lakini anayeicheza ajue kwanza atafanya nini baada ya 13...Bxh2. Akila 14.Rxh2 Qxh2 ametoa ngome kwa askofu. Akicheza 14.g3, mshazari unakatika na askofu hana pa kutokea, ila anaondoka na wengine: 14...Bxg3 15.fxg3 Qxg3+, askari 3 kwa askofu mmoja, na mfalme wa e1 hana ukuta. Kwa mchezaji wa kawaida wa klabu ninaona 13.h3 ndiyo yenye usingizi mzuri, kisha 13...O-O 14.O-O.

Hapo daftari linafungwa na ubao unafunguka.

Nyeusi afanye nini? Ngome ya f iende e8, askofu wa c8 aende f5 amtazame farasi wa d3, ngome ya pili ije d8 au b8. Farasi wa f6 ana mraba wa e4. Kazi ngumu ni farasi wa a5. Michezo mingi ya Nyeusi inapotea kwa sababu farasi huyu anabaki pembeni hadi hatua ya 30, na kwa kweli Nyeusi anakuwa na kete moja pungufu juu ya askari pungufu. Njia yake ni mbili: c4 kama Nyeupe hajacheza b3, au kumsogeza askari c6 hadi c5 na farasi kurudi c6. Ya pili inalipa mara mbili, kwa sababu askari wa c5 anatishia kusonga c4 na kumfukuza farasi wa d3, ambaye ndiye mlinzi mkuu wa Nyeupe. Kila baada ya hatua 3 au 4 Nyeusi ajiulize: farasi wa a5 yuko wapi?

Nyeupe naye asiwe na pupa. Farasi wa b1 atoke kupitia d2 au c3, askofu wa c1 atoke, ngome zikutane. Kila kubadilishana kete kunamsaidia, isipokuwa kule kunakomwondoa farasi wa d3 bila malipo. Malkia wakitoka ubaoni, nusu ya tishio la Nyeusi limeondoka nao. Na kama Nyeusi anashambulia kweli, kumrudisha askari kwa wakati wake ni ujanja wa zamani: anayerudisha askari mmoja na kupata hatua 2 za kutoa kete mara nyingi anatoka kwenye taabu akiwa sawasawa au juu kidogo. Wengi hufa wakiwa wamemshikilia.

Sasa saa. Muda wa mashindano mengi ya mchezo mrefu ni dakika 90 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua. FIDE, shirikisho la chesi duniani, katika mashindano yake makubwa huongeza dakika 30 baada ya hatua ya 40. Piga hesabu kwa ufunguzi huu. Hatua 12 za mkondo mkuu zinakurudishia dakika 6 za nyongeza. Anayezijua hatua na sababu anatumia dakika 5 au 6, na anafika Qc7 na dakika zake 90 karibu zote. Anayezikumbuka kwa kubahatisha anatumia 40, na hajafika bado mahali pa kufikiri. Mahali pa kutumia muda ni 3: hatua ya 8, Nyeupe anapochagua mraba wa askofu, kwa sababu lazima ubadilishe mpango papo hapo, hatua ya 13, unapoamua muundo wa mchezo wa kati, na wakati wowote mpinzani anapocheza kitu usichokijua. Kwenye hatua ya 9 na 10 usikae. Kukaa hapo kunamwambia mpinzani kwamba hujui.

Kinyume chake pia hutokea, na kinaumiza zaidi. Mchezaji anacheza hatua 12 kwa dakika 2, mkono umeshika kasi, na hatua ya 13 anaicheza kwa kasi ileile ingawa daftari limekwisha. Dawa ni ya mwili: hatua ya mwisho unayoijua ikishachezwa, weka mikono chini ya meza, andika hatua, hesabu kete za pande zote mbili upya, kisha ndiyo ufikiri.

Kuandika kwenyewe kuna faida ambayo watu hawaitumii. Kanuni zinakutaka usogeze kete kwanza na kuandika baadaye; kuandika kabla kunaruhusiwa pale tu unapodai sare. Lakini kanuni hizohizo zinakuruhusu kuandika muda wa saa yako kwenye karatasi ya mchezo. Andika kila baada ya hatua 5. Maelezo mengine ya kujisaidia hayaruhusiwi. Baada ya mchezo, namba zile zitakuonyesha ulipopotea kuliko injini itakavyokuonyesha, maana injini inaona kosa la hatua ya 22 tu, haioni kwamba dakika 25 zilizokosekana hapo ziliachwa hatua ya 8.

Kuna jambo moja la kaslingi ambalo linawagharimu watu katika mkondo huu hasa, kwa kuwa pande zote hufanya kaslingi kwa kuchelewa na kwa haraka. Mguse mfalme kwanza, msogeze miraba 2, kisha ngome kwa mkono uleule. Ukiigusa ngome kwanza, unalazimika kuihamisha ngome hiyo na kaslingi upande huo haipo tena kwa zamu hiyo. Ukitumia mikono miwili kwa pamoja na kubonyeza saa, inahesabiwa kama hatua isiyo halali, dakika 2 zinaenda kwa mpinzani.

Namna ya kuujifunza: usianze na injini. Chukua ukurasa mmoja, andika hatua 12 kwa wima, na mbele ya kila moja andika swali inalolijibu kwa maneno yako. Hatua ya 7 ya Nyeusi: "nani anamshambulia askofu?" Hatua ya 12 ya Nyeupe: "nani anamlinda farasi wa e5?" Ukishindwa kuandika swali, hiyo ndiyo hatua utakayoisahau mezani. Kisha cheza nafasi ya baada ya 14.O-O na mwenzako, dakika 15 kila mmoja, mara 10, mkibadilishana rangi. Injini ije mwisho, kuangalia michezo yenu hiyo 10. Ukianza nayo, itakuambia Nyeupe yuko juu kidogo na utaondoka na namba isiyo na maana, huku nafasi yenyewe ni ngumu kuicheza kwa pande zote mbili.

Na mchezo ukifika mwisho bila mtu kuanguka, yaangalie askari. Upande wa mfalme ni 3 kwa 3: f, g na h kila upande. Upande wa malkia Nyeupe ana a, b na c, Nyeusi ana a na c waliotengana, hawawezi kulindana. Hapo ndipo askari wa ziada anapozaa: Nyeupe anasukuma taratibu, anabadilisha mmoja, na anapata askari aliyepita ambaye hakuna wa kumzuia isipokuwa kete. Kwenye mwisho wa farasi dhidi ya farasi, au askari watupu, Nyeusi yuko taabuni kweli.

Njia ya Nyeusi ya kuokoka ipo tangu hatua ya 8, na wachache wanaiona mapema. Askofu wa Nyeupe aliyetua e2 ni wa miraba myeupe. Askofu wa Nyeusi wa d6 ni wa miraba myeusi. Nyeusi akimtoa askofu wake wa c8 kwa farasi wa d3, na baadaye akambadilisha farasi wake mmoja kwa askofu wa Nyeupe wa c1, wanabaki maaskofu wawili wasioweza kukutana. Ngome na malkia wakiwa wametoka, askari 6 dhidi ya 5 mara nyingi ni sare, kwa sababu Nyeusi anaweka mfalme na askofu kwenye miraba ambayo mwenzake hawezi kuigusa. Malkia wakiwa bado ubaoni mambo ni kinyume kabisa: maaskofu wa rangi tofauti humfaa anayeshambulia, na askofu wa d6 tayari anaitazama h2. Kwa hiyo Nyeupe anayeona mabadilishano hayo yakija awatoe malkia mapema na azibakize ngome, apate kitu cha kumsindikiza askari wa b. Nyeusi afanye kinyume chake: malkia abaki, ngome zitoke.